Gor Mahia Alikuwa Mtu Kabla ya Kuwa Timu

  Chama chetu cha Kiswahili kimenipa ukurasa mwaka huu nisimulie maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Wengi tukipewa kazi kama hii hukimbilia mbali, tukaandika habari za wafalme wa Ulaya na wanasayansi wa Ujerumani. Mimi nimeamua kubaki hapa hapa Ndhiwa. Penye miti, wahenga walisema, hapana wajenzi. Hapa kwetu aliishi mtu ambaye jina lake hupigiwa kelele Nairobi, Kisumu na hata ng'ambo, watu wakiwa wamevalia kijani na nyeupe, wengine wakilia machozi. Lakini hebu mwulize mwanafunzi wa shule hii huyo Gor Mahia ni nani. Atakujibu mbio mbio kwamba ni timu.

Naam, ni timu. Lakini kabla ya kuwa timu alikuwa mtu mwenye baba na babu, boma na ng'ombe, marafiki na maadui. Alitembea kwenye vilima hivi hivi tunavyovipanda tukienda kuteka maji. Ningependa tumjue, kwa sababu siku hizi jina lake linatumiwa vibaya, na linatumiwa vibaya na sisi wenyewe. Nitaeleza mbele kidogo. Kwanza tuanze na maisha yake.

Kwa desturi yetu jina lake ni Gor wuod Ogada nyakwar Ogalo, yaani Gor mwana wa Ogada, mjukuu wa Ogalo. Ndiyo maana mashabiki huiita timu yao K'Ogalo, maana yake kwa Ogalo, nyumbani kwa Ogalo. Wale wanaolitaja jina hilo kila Jumapili bila kujua wanataja nini, sasa wamejua: wanamtaja babu wa mtu wa Kanyamwa. Hilo Mahia nalo si jina la baba wala la babu. Ni lakabu aliyopewa na watu. Kwa Dholuo mahia ni maajabu, ni mambo ambayo macho yanayaona huku akili ikikataa katakata. Kwa hiyo ukisema Gor Mahia umesema Gor wa Maajabu.

Alizaliwa katika karne ya 19. Enzi hizo hapakuwa na cheti cha kuzaliwa wala kalenda ya kutundika ukutani. Watu walihesabu miaka kwa njaa, kwa nzige na kwa vita. Fulani alizaliwa mwaka wa njaa ile, fulani akaoa mwaka wa vita vile, basi.

Ili umwelewe Gor lazima uielewe Kanyamwa ya wakati huo. Msomaji ambaye hajafika, fikiria uko juu ya mteremko mkali. Chini yako limelala bonde la Lambwe, mahali palipo leo Mbuga ya Taifa ya Ruma, ambako korongo, wale wanyama wa jamii ya swala wenye pembe zilizopinda nyuma, bado wanaishi. Ng'ambo ya bonde kuna vilima vya Gwasi na Gembe, na nyuma yake ziwa. Kwa macho ni pazuri mno. Lakini bonde hilo lilikuwa na mbung'o, wale nzi wanaoua ng'ombe na kuwaletea watu ugonjwa wa malale. Kwa hivyo upande mmoja ulikuwa na mbung'o, na pande nyingine zilikuwa na majirani: koo nyingine za Waluo, Wasuba wa kando ya ziwa, Wagusii wa nyanda za juu, na Wamasai waliosifika kwa kuvamia na kutwaa mifugo. Watu wa Kanyamwa hawakuwa wengi kiasi cha kutisha mtu. Walikuwa kundi dogo katikati ya makundi makubwa.

Kama unadhani natia chumvi kuhusu hatari za siku hizo, nenda Thimlich Ohinga, kule Nyatike katika kaunti jirani ya Migori. Utakuta kuta za mawe zilizojengwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, zikazungushwa kama boma, na malango yake ni membamba hivi kwamba mtu huingia kwa kuinama. Mawe yale yamesimama kwa zaidi ya miaka 500, na mwaka wa 2018 shirika la UNESCO liliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Watu hawabebi mawe mazito namna ile kwa ajili ya mapambo. Walijenga kwa sababu usiku ukiingia hujui nani atakuja kuchukua ng'ombe wako, watoto wako au roho yako.

Katika mazingira hayo ndipo Gor alipokuja kuwa ruoth, yaani mtawala. Msifikirie mfalme wa kukaa kwenye kiti cha dhahabu akipepewa. Ruoth wa Kiluo alitawala pamoja na baraza la wazee, na asiyesikiliza wazee hakudumu. Palikuwa na kiongozi wa vita. Palikuwa pia na jabilo, mganga wa mambo ya vita, mwenye kutengeneza bilo, yaani dawa ya kuwalinda vijana wetu na kuwatia adui kiwewe. Jabilo ndiye aliyesema vita viende au visiende. Mahali pengine kazi hizi ziligawanywa kwa watu mbalimbali. Gor alisifika kwa kuziunganisha. Alikuwa mtawala na alikuwa mganga, na watu walimheshimu kwa cheo kimoja na kumwogopa kwa kingine.

Sasa twende kwenye hayo maajabu, maana najua wengi wenu mmekuwa mkiyangojea. Nyanya yangu, kama nyanya zenu, hawezi kumtaja Gor bila kupunguza sauti. Inasimuliwa kwamba alikuwa na uwezo wa kujigeuza. Mgeni angemkuta akiwa kijana mwenye misuli, akigeuka kidogo tu anamwona kizee anayetetemeka. Mara ni mtoto, mara ni mwanamke, mara ni mnyama anayepita zake kichakani. Waliomfuata kwa ubaya walirudi mikono mitupu, wengine wakibishana wao kwa wao kama kweli walimwona. Inasimuliwa pia kwamba alijua habari kabla hazijafika. Mgeni akiingia bomani, Gor alikuwa amekwisha kujua anatoka wapi na anataka nini.

Mimi sikukaa na Gor, na wala nyanya yangu hakukaa naye. Lakini nimeyafikiria masimulizi haya kwa muda mrefu, na naona kuna jambo ndani yake ambalo halihitaji uchawi kulielewa. Chukua hilo la kujua habari mapema. Zamani mtawala alioa wake wengi kutoka koo nyingi. Kila mke ana kaka, wajomba na binamu huko alikotoka, na watu hao huja kutembea. Mkwe akija haji na mdomo mtupu, huja na habari. Aidha, mganga hupokea watu wa kila aina, na mgonjwa akiketi mbele ya mganga humwambia mambo ambayo hamwambii hata ndugu yake. Sasa mtu aliye ruoth na mganga kwa pamoja, mwenye masikio ya kusikiliza na mdomo wa kunyamaza, atakosaje kujua kabla ya wengine? Watu wakauliza amejuaje. Wakakosa jibu, wakasema ni mahia.

Na hilo la kujigeuza je? Hapa ndipo ninapoona werevu mkubwa. Kabila au ukoo mkubwa unaotaka kukuvamia huhesabu kwanza. Una mikuki mingapi? Una vijana wangapi? Ukihesabiwa na ukaonekana mdogo, umekwisha. Lakini utamhesabuje mtu ambaye hujui ni kijana au ni mzee, yuko hapa au hayuko, ni binadamu au ni chui? Mwenye nguvu akikosa hakika, nguvu zake hupungua nusu. Sifa za Gor zilikuwa ukuta kama ule wa Thimlich, ila wa kwake haukujengwa kwa mawe. Uliingia vichwani mwa adui na kukaa humo. Simdharau anayeamini kwamba mzee huyo alikuwa chui kweli kweli. Nasema tu kwamba hata kama hakuwahi kuwa chui siku moja, watu kuamini hivyo kuliwafaa Kanyamwa kama ngao.

Maisha ya Gor hayakuwa mteremko. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika Mashariki ukafagia ng'ombe. Kwa Mluo ng'ombe ni mahari, ni chakula, ni heshima. Sotoka ilifuatwa na njaa na ndui mahali pengi. Kisha wakaja Wazungu. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na Aprili 1902 eneo letu hili, lililokuwa likihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, likahamishiwa upande ambao sasa ni Kenya. Watu wa Kanyamwa walilala upande mmoja wa mpaka wakaamka upande mwingine, na hakuna aliyewauliza.

Wazungu walifungua kituo cha serikali kule Karungu kando ya ziwa, baadaye wakahamia Kisii. Walitaka kodi ya nyumba na vibarua. Wakataka watawala wote waliokuwako wawe machifu chini yao. Hapo mtawala alikuwa na njia mbili, na zote zina miiba. Kupigana kulikuwa na gharama, na mfano ulikuwa jirani tu. Wagusii walipambana na Waingereza mwaka wa 1905. Januari 1908 ofisa aliyeitwa Northcote akachomwa mkuki. Jibu la serikali likawa bunduki: watu wengi waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Moshi wa jirani humfundisha mtu.

Gor alichukua njia ya pili. Alikubali kutambuliwa kuwa chifu, akaendelea kuwatawala watu wake chini ya bendera ngeni. Hapa tusidanganyane. Kazi ya chifu wa enzi za ukoloni haikuwa ya kumfanya mtu apendwe. Ilikuwa kudai kodi kwa maskini na kuwatoa vijana waende kazini, na machifu wa kila mahali walilaumiwa kwa hayo. Kwa hivyo msomaji akiniuliza kama Gor alikuwa malaika, nitasema si hasha. Alikuwa kiongozi wa watu wachache aliyekutana na dola kubwa kuliko zote za siku hizo. Tena tazama jambo la ajabu: hata chini ya Wazungu masimulizi ya kujigeuza hayakukoma. Yaliongezeka! Watu waliona raha kusimulia kwamba mkubwa mwenye bunduki na karatasi alikuja kwa Gor akababaika, asijue azungumze na yupi. Palipokosekana bunduki, hadithi ilishika zamu.

Gor alifariki, akazikwa kama binadamu wengine wote. Maajabu hayakumzuia kufa. Lakini jina lake halikuzikwa naye. Lilibaki katika vinywa vya wazee, likitembea kutoka boma hadi boma, likavuka mto Kuja, likafika Kisumu, na likapanda gari moshi pamoja na Waluo waliokwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa.

Hapo ndipo kandanda inapoingia, na nyinyi wapenzi wa kabumbu mkae sawa.

Februari 1968, wapenzi wa soka wa jamii ya Waluo waliunganisha timu zao ili wapate timu moja yenye nguvu. Timu mpya ilihitaji jina. Wangeweza kuiita kwa jina la mji au la mnyama, simba au chui, kama wafanyavyo wengi. Wakachagua jina la mtu wa Kanyamwa. Nadhani walijua walichokuwa wakifanya. Simba unamjua atakuja vipi. Gor humjui. Mwaka huo huo wa kwanza timu hiyo ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa.

Nyumbani walitamba. Ugenini Afrika, mambo yalikuwa mengine. Mwaka wa 1979 Gor Mahia walifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika na kukutana na Canon Yaoundé wa Kameruni. Lo! Walifungwa 2-0 Nairobi, kisha 6-0 huko Yaoundé. Mabao 8 kwa nunge. Tafadhali mkumbuke matokeo hayo, kwa sababu jina lilikuwa lile lile, Mahia lile lile, na halikuzuia bao hata moja. Jina pekee halifungi na halidaki.

Miaka minane ikapita. Wengi wetu wanafunzi hatukuwa tumezaliwa, na wazazi wetu walikuwa bado wanacheza mpira wa makaratasi. Mwaka wa 1987 Gor Mahia waliingia tena katika kombe hilo, ambalo wakati huo lilikuwa limepewa jina la Nelson Mandela, naye Mandela mwenyewe alikuwa bado gerezani Afrika Kusini. Nani aliwapa nafasi? Karibu hakuna. Kombe hilo lilikuwa limekaa Cairo kwa miaka 5 mfululizo: Arab Contractors walilichukua mwaka wa 1982 na 1983, Al Ahly wakalichukua 1984, 1985 na 1986. Na mwezi Agosti wa mwaka huo huo wa 1987, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Nairobi, Harambee Stars walifungwa na Misri 1-0 katika fainali mbele ya mashabiki wao. Watu walianza kusema kwamba Waafrika Kaskazini ni wa daraja lingine, na sisi kazi yetu ni kuwasindikiza.

Gor waliwapiga wapinzani wao mmoja baada ya mwingine hadi fainali. Aliyewangoja huko ni Espérance ya Tunis, timu tajiri, yenye uzoefu, kutoka Kaskazini hiyo hiyo. Mkondo wa kwanza ulichezwa Tunis. Nahodha wa Gor alikuwa beki Austin Oduor, na mshambuliaji wao hatari alikuwa Peter Dawo, ambaye alimaliza mashindano hayo akiwa mfungaji bora. Timu ndogo ikienda kwa mkubwa, kwa kawaida huenda kujilinda na kuomba dua. Gor walikwenda kufunga. Mechi ikaisha 2-2.

Msomaji usiyefuata mpira, ngoja nikueleze uzito wa matokeo hayo. Kanuni ya siku hizo ilisema kwamba timu zikitoka sare kwa jumla, bao lililofungwa ugenini lina thamani zaidi. Gor walirudi Nairobi na mabao mawili ya ugenini mfukoni. Marudiano yakafanyika mwezi wa Desemba katika uwanja wa Kasarani, uliokuwa mpya kabisa mwaka huo. Sasa tazama tatizo la Espérance. Wakikaa nyuma kulinda, sare ya 0-0 inawapa Gor kombe. Wakienda mbele kushambulia, wanamwachia Dawo nafasi nyuma yao. Mkubwa amekosa hakika! Hajui aje au akae. Je, hii siyo ile ile hadithi ya nyanya, ya mgeni asiyejua kama anayemtazama ni kijana au ni kizee?

Mchezo uliisha 1-1. Jumla 3-3, na mabao ya ugenini yakaamua. Gor Mahia wakawa mabingwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu ya Kenya kutwaa kombe la bara, na hadi ninapoandika hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyolirudia jambo hilo. Jina la mzee wa Kanyamwa, mtu ambaye labda hakuwahi kuuona mpira wa miguu, lilisomwa redioni kutoka Cairo hadi Cape Town.

Wanyonge kuwashtua wakubwa si jambo la K'Ogalo peke yao. Kameruni waliwafunga Argentina, mabingwa wa dunia, 1-0 mwaka wa 1990 huku wakimaliza mechi wakiwa wachezaji 9. Senegali waliwafanyia Ufaransa vivyo hivyo mwaka wa 2002. Na Agosti 2025, wengi wetu tukitazama wenyewe, Harambee Stars walishiriki CHAN kwa mara ya kwanza, wakawekwa kundi moja na Moroko, Kongo, Zambia na Angola. Watu walisema tutafungwa mpaka tusahau njia ya nyumbani. Tukawafunga Moroko 1-0 pale pale Kasarani, tukiwa tumebaki wachezaji 10, na tukaongoza kundi. Tulitolewa robo fainali na Madagaska kwa penalti, lakini heshima tulikuwa tumekwisha kuipata.

Sasa nifikie lile nililoahidi kueleza. Kabla ya michezo ya shule muhula uliopita, kulikuwa na mchango wa siri mabwenini. Kila mtu alitakiwa kutoa shilingi 20 ili mganga fulani alipwe, aipe timu yetu dawa. Waliokuwa wakipitisha karatasi ya majina walitumia hoja moja tu: kwamba sisi ni watoto wa Gor Mahia, kwa hivyo dawa ni haki yetu, na anayekataa anaikana asili yake. Wengine walikataa kutoa kwa sababu ya dini, wakaitwa waoga. Na shule pinzani nazo hazituachi. Tukishinda, wanasema tumetumia uchawi. Tukishindwa, wanatucheka ati dawa imeisha nguvu. Kwa hiyo hata jasho letu si letu. Kijana anaamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia kwenye umande, anafunga bao safi, halafu sifa anapewa mtu aliyeketi na kibuyu!

Ndugu zangu, hapa naomba tuseme ukweli. Kumtumia Gor kukusanya shilingi 20 ni kumtukana. Kama maisha yake yanatufundisha kitu, ni kwamba mdogo hushinda kwa kujua mambo ambayo mkubwa hajui kwamba anayajua. Gor alisikiliza, alipima, alinyamaza, akamwacha adui abahatishe. Alijua wakati wa kupigana na wakati wa kuinama ili dhoruba ipite. Huo ndio mahia ninaouona mimi. Haununuliwi kwa mchango wa bwenini. Timu ya 1979 ilikuwa na jina, ikafungwa 8. Timu ya 1987 ilikuwa na jina hilo hilo, lakini ilikuwa pia na mpango, pumzi, na moyo wa kwenda kufunga ugenini. Tofauti ya hizo mbili haikutoka kwenye kibuyu.

Wala siwaungi mkono wale wanaotaka tulifute jina hili, ati linanuka ushirikina. Nimesikia hilo pia, hata darasani. Mwacha mila ni mtumwa. Mtu wa kijiji chetu aliwalinda watu wachache katikati ya maadui wengi, na miaka mingi baada ya kufa kwake jina lake likawapa vijana ujasiri wa kusimama Tunis mbele ya maelfu ya watu wasiowatakia heri. Watu wangapi duniani wameacha jina la namna hiyo? Tulitunze, tulijue, tulieleze kwa Kiswahili sanifu ili na wa Mombasa na wa Tanga walielewe. Tusiwaachie wageni waje kutuambia babu yetu alikuwa nani.

Kwa timu yetu ya shule nasema hivi. Mwaka ujao tutakutana tena na shule zile kubwa zenye mabasi mapya, viatu vya bei na wachezaji waliokusanywa kutoka kila pembe. Watatuhesabu na kutuona wadogo. Waache wahesabu. Sisi tuwatazame wakicheza na wengine, tujue beki wao yupi ni mzito kugeuka na golikipa wao anaogopa mpira wa upande gani. Hizo shilingi 20 tununulie mpira mmoja wa mazoezi, maana ule tulio nao umeshonwa mpaka hauna umbo. Tukifanya hivyo na bado wakatufunga, tutawapa mkono kiungwana. Na tukiwafunga, wakaanza kuulizana tumewezaje, tusiwajibu. Wabaki wakisema ni mahia.

Kalamu yangu inakomea hapa. Mungu akibariki chama chetu, tuonane toleo lijalo.

Ni mimi mwanachama wenu, Kidato cha Tatu.